Kadi Inayomfaa Ndegwa

Ndegwa aliibariki chai yake mara ya pili, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, na alipofumbua macho hakuitazama chai. Alimtazama mzee wa koti la kijivu aliyekaa meza ya nyuma na gazeti mkononi.

"Amina," akasema Madam Beth, mama wa kuuza kadi za benki, akizipanga karatasi zake mezani. "Naona wewe ni mtu wa maombi."

"Sana, madam. Sana."

Mguu wa Ndegwa ulikuwa ukitikisika chini ya meza tangu waingie kwenye hoteli hiyo ndogo ya Ruiru. Kesho angekwenda na wazee wake Ngoingwa, nyumbani kwa kina Warigia, mchumba wake, kuomba msichana rasmi. Miaka miwili alikuwa ameingoja siku hiyo. Halafu asubuhi rafiki yake Kagwe akampigia simu na kumharibia amani yote.

"Boss, jichunge," Kagwe alimwambia. "Watu wa kwao hawapeani msichana hivi hivi. Lazima watume mtu akuchunguze kwanza. Yule aliyemtaka dadake Warigia alifuatwa mpaka baa, na hadi leo anajipikia."

Ndiyo maana Ndegwa hakumwamini yule mzee. Gazeti lilikuwa kwenye ukurasa ule ule tangu waketi.

"Tuendelee," akasema Madam Beth. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, mpole kama mwalimu wa Sande skuli. Alikuwa amempigia Ndegwa simu juzi, akamtaja kwa majina yake yote, akamwambia ana kadi za benki zinazompa mtu pointi kila anapolipia kitu. Ndegwa alizitaka hizo pointi. Zikijaa, angempeleka Warigia Mombasa kwa ndege baada ya arusi.

"Kadi huchaguliwa kulingana na matumizi ya mtu," mama akaeleza. "Ukinidanganya, utapewa isiyokufaa. Sasa niambie. Pesa yako huenda wapi?"

Ndegwa akapaza sauti. "Kanisani! Na kwa mama!"

Mzee wa gazeti akakohoa. Ndegwa akainama, akanong'ona. "Madam, kanisani kuna pointi?"

"Hakuna."

"Basi andika nyama choma. Githurai 45, kila Ijumaa."

"Na kinywaji?"

"Nyama itateremkaje ikiwa kavu, madam?" Akacheka peke yake.

"Na mechi? Vijana wengi siku hizi hubeti."

"Kidogo tu. Wikendi." Akafikiri. "Na katikati ya wiki, kukiwa na mechi kubwa."

Madam Beth akatikisa kichwa taratibu, kalamu yake ikiwa bado na kifuniko. Akamsogezea picha za kadi mbili. Ya buluu ilikuwa na pointi za supamaketi, hospitali na karo. Ya dhahabu ilikuwa ya hoteli kubwa, starehe na safari.

"Hii ya dhahabu ni ya mtu anayetumia haswa," akasema. "Wewe nakuona wa buluu."

Neno hilo lilimchoma. Ukweli ni kwamba Ndegwa alikuwa mtu wa chupa moja, anaishikilia mpaka inapata joto, na duka lake la spea kule Gitothua halikumruhusu ya pili. Kubeti kwenyewe kulikuwa shilingi hamsini. Lakini kadi ile iling'aa.

"Madam, hunijui," akasema, akichungulia nyuma kuhakikisha mzee hasikii. "Mimi nikikaa, meza nzima inakunywa. Mwezi jana nilikuwa Naivasha siku tatu. Rumu ya hoteli, ya kuangalia ziwa." Naivasha aliwahi kupita tu, akanunua samaki dirishani mwa matatu.

"Ulienda peke yako?"

"Ala! Kuna mtu huenda Naivasha peke yake?" Akamkonyeza.

Mama akarekebisha kitambaa chake. "Kadi hii huja na ya pili, ya mke. Utaichukua?"

"Aanze kuniuliza nimetumia wapi? Hapana. Moja inatosha."

"Haya."

"Si nikupe kitambulisho sasa?"

"Hicho si cha leo."

Hapo mzee wa koti akakunja gazeti, akasimama, akaja moja kwa moja mezani kwao. Jasho likamtoka Ndegwa. Akafumba macho, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kuanza kuomba mara ya tatu.

"Kijana," mzee akamkatiza, "Mungu amekusikia. Hii hoteli ni yangu. Mmekaa tangu nifungue na chai mbili tu. Mnaagiza chakula, ama nipatie watu wengine meza?"

Ndegwa akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mguu ukatulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Lete pilau, mzee wangu! Lete sahani mbili!" Akaegemea kiti kama mtu aliyetua gunia. "Madam, tumalize. Nipe hiyo ya dhahabu."

Lakini Madam Beth alikuwa ameshasimama, mkoba begani, simu sikioni.

"Warigia, ni shangazi yako," akasema kwa ule upole wake. "Ambia baba, mbuzi wa wageni wa kesho asichinjwe."