Fundo la Kushoto

Zamani ndege walipokuwa bado na chuo cha kusuka viota, mwalimu wao alikuwa Mnana, fundi asiye na subira. Fundo likimchukiza, alilifumua palepale mbele ya darasa zima.

Mwanafunzi wake Kwera kila siku alianzia fundo kushoto.

"Kulia," alisema Mnana, akafumua. Kesho yake, kushoto tena.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Mnana siku ya saba, na darasa zima likacheka. Kwera hakurudi tena. Mnana hakumwulizia, aliona kazi imepungua.

Masika yakaja na upepo, ukavunja tawi la Mnana pamoja na kiota chake. Akahangaika mvuani mpaka akaona kiota kimoja kimetulia, hakitikisiki. Akajitosa ndani huku akitetemeka. Alipotazama mafundo, yote yalianzia kushoto.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Kwera. "Sogea huku kwenye joto."

"Marahaba. Kumbe uliweza. Mbona hukufuata nilivyokufundisha?"

"Jicho langu la kulia halioni, mwalimu, tangu nikiwa kinda."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Pembeni walikuwa makinda watatu wa jirani, waliokuja kujifunza kusuka. Kwera akampa wa kwanza jani la nyasi, akamwuliza taratibu, "Wewe unaona vizuri kuanzia wapi?"

Mnana akageukia ukutani, akaanza kuwakumbuka mmoja mmoja wale aliowafumulia.