Kahawa ya Daktari wa Bima

Daktari wa kampuni ya bima alikuwa mcheshi. "Karibu, mama yangu. Hapa hatung'oi meno."

Bi Sikudhani aliketi, mkono wa kulia umelala mapajani kama mgeni aliyechoka na safari. Tangu gari lilipomgonga, kuuinua kulimliza. Daktari huyu akisema ni mzima, bima haitalipia upasuaji wa bega.

"Inua kidogo tu."

"Siwezi, baba. Ningeweza ningekuwa nyumbani nasonga ugali, si hapa nakutazama wewe."

Daktari alicheka, akamimina kahawa, akamnyooshea kikombe. "Basi pumzika, unywe."

Bi Sikudhani alilelewa na bibi aliyechapa kila mkono wa kushoto uliopokea kitu cha mtu. Kabla hajafikiri, ule wa kulia ulikwisha kupaa. Bega liliwaka moto, na adabu ileile ikamzuia kupiga ukelele mbele ya mwenyeji.

"Asante, baba."

Daktari alikuwa anaandika. "Kunywa, mama."

Kikombe kilitetemeka hewani, kimejaa, cha moto, na karibu yake hapakuwa na meza.