Kisima cha Tembo Kijana

Kiangazi kile Mto Ruaha ulikauka ukabaki mchanga mtupu. Tembo Kijana akachimba kisima kwa mkonga, akanywa mpaka kiu ikakatika. Kugeuka, akamwona Ngiri anasubiri.

"Ndugu yangu, nami nionje."

"Chimba chako!"

Tembo akakifukia kisima, akakikanyaga, akawafuata wenzake kivulini. Alisahau kwamba Bibi yake alikuwa bado njiani. Magoti yalimuuma Bibi, na siku hizo alifika wa mwisho kila mahali.

Jioni Bibi akafika taratibu, mkonga umelowa. Kando yake alikuja Ngiri, pua imechubuka.

Tembo Kijana akashtuka. "Bibi, umekunywa wapi?"

"Kisimani kwako, mjukuu wangu. Nimemkuta Ngiri anakizibua, akanipisha ninywe kwanza. Kaniambia wewe ndiye uliyemwomba anitunzie maji."

Tembo Kijana akamtazama Ngiri. Ngiri alikuwa amepiga magoti, kama ngiri wote wafanyavyo, anakula nyasi zake kimya.

Kesho yake Tembo Kijana akachimba kisima kipana. Maji yalipojaa, hakunywa. Akasogea pembeni.

"Kaka Ngiri," akasema, "tangulia."