Ngazi Sita za Mwisho

Kwenye skrini, roboti ya miguu minne iliteleza ngazini, ndani ya kinu cha nyuklia kilichopasuka. Nasra akaachia rimoti, roboti ikasimama ikiyumba. Zilibaki ngazi sita ifike chini ikapime mionzi. Ikianguka angeingia mtu, na wa zamu alikuwa Mbwana, mdogo wake, aliyekwisha kuvaa suti ya kinga.

"Dada, niache niingie. Joto la suti litaniua kabla ya mionzi."

"Koma wewe!"

Akaigeuza roboti ishuke kinyumenyume, kama mtoto anayejifunza kushuka ngazi.

"We Nasra! Kamera iko mbele," fundi mkuu akafoka. "Utaona nini?"

"Sioni. Nitasikiliza."

Kwenye spika, mguu wa nyuma ukasikika ukigonga ngazi moja, ya pili, ya tatu. Kisha ukapapasa hewani, usiipate ya nne. Pale aliposimama, Mbwana naye akarudisha mguu wake nyuma polepole, akitafuta pa kukanyaga.