Njia Panda ya Kilimani

Baada ya mazishi, ua ulijaa marafiki wa mzee ambao watu wa nyumbani hawakuwahi kuwaona: fundi baiskeli, muuza maua, dereva wa lori. Wote aliwaokota njiani, akipanda kilima chake kila Jumapili.

"Kumbe wewe ndiye kitindamimba!" Fundi alimshika mkono mtoto wa mwisho wa mzee. "Kila tukikutana na mzee, eti uko nyuma, unakuja. Pale juu mlipokuwa mkipumzika, unapajua?"

Masikio yalimwaka moto. Jumapili zote hizo alijifunika gubigubi, baba akimgongea dirisha kwa kucha.

"Napajua," akajibu.

"Basi tangulia, mwanetu. Tukamkumbukie huko huko."

Penye njia panda akasimama, viatu vyake vya ofisini vimejaa vumbi. Wote wakasimama nyuma yake.

"Hapa ndipo tulipokuwa tukimwacha," alisema fundi kwa upole, "akikungoja."