Mzee wa Usi

"Usi!" Mzee alipiga meza kwa kiganja, vikombe vya chai vikaruka. "Neno la kwanza la mtu anayezama kwenye madeni ni hilo, mama. Usi! Usihamishe nyumba kwenda jina la mwenzi wako. Kila anayeingia humu anadhani yeye ndiye aliyeubuni ujanja huo."

Ndiyo maana watu walimwita Mzee wa Usi. Alikuwa mshauri wa waliolemewa na madeni, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ushauri wake ulikuwa wa bure, na labda ndiyo sababu wachache waliufuata.

Mwanamke aliyeketi mbele yake aliitwa Mama Mikate, ingawa hakuwa ameoka mkate siku nyingi. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa, vikashonwa tena. Alisikiliza kama mtu anayekariri.

"Na kama mwenzi ni mke?" aliuliza.

"Mke, mume, mama mkwe, sheria haina shemeji. Nyumba itarudishwa, na wewe utaonekana mwizi."

"Na ndugu wanaodai?"

"Usimlipe ndugu kwanza ukawaacha wengine wakipiga miayo. Watamfuata wamnyang'anye. Na usichukue mkopo mpya wakati unajua huna cha kuulipia. Kukopa harusi, kulipa matanga. Husikii watu wanavyosema?"

"Nasikia, mzee."

Mzee alimwonea huruma. Wengi waliokuja kwake walibishana, wakalia, wakamlaumu jirani mchawi. Huyu alikuwa mtulivu mno. "Deni lenyewe lilianzia wapi, mama?"

Mama Mikate alitazama dirishani. "Nilimdhamini mdogo wangu wa kiume. Tumbo moja."

Akasimulia bila kupandisha sauti. Mdogo wake alitaka malori, benki ikataka mdhamini, naye akaweka saini huku akicheka kwa furaha, maana nani asiyemtakia nduguye mema? Malori yakaja. Marejesho hayakwenda. Madalali nao hawakubisha hodi kwa mwenye malori, walibisha kwake. Waling'oa mlango na fremu yake ili tanuri lake la mikate lipite. Mdogo wake alisimama barazani akichokonoa meno, akamwambia, "Mali hutafutwa, dada. Cha muhimu uzima." Mwaka uleule akahamia nyumba ya ghorofa.

"Alikulipa?"

"Aliniletea mfuko wa machungwa."

Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Mama Mikate hakulia. Machozi yalikuwa yamekwisha zamani, kilichobaki ni chuki, na chuki hiyo aliitunza vizuri. Alimchukia mdogo wake asubuhi akinunua mkate wa watu dukani. Alimchukia hata alipokuwa akimwombea heri mbele ya shangazi zao, akitabasamu, mkono kifuani.

"Kwa hiyo deni hilo ndilo limekufikisha hapa," mzee akasema.

"Ndilo lililonileta."

"Basi nisikilize vizuri. Ukisema kweli, unaokoka. Mufilisi anayetaja mahakamani kila alicho nacho huachiwa kitanda, sufuria, na vifaa vya kazi yake. Wadai wanakoma kumpigia simu. Baadaye deni linafutwa, naye anaanza upya. Nimewaona kwa macho yangu. Wanatembea mjini bila kujificha kwa mtu."

"Anaanza upya," Mama Mikate akarudia, uso umemkunjamana kama aliyeng'ata ndimu. "Hata kama aliwaumiza wengine?"

"Sheria haimuulizi hilo, mama. Inamuuliza kama amesema kweli."

"Na anayeficha?"

"Usi!" Meza ikapigwa tena. "Usije ukaapa mbele ya hakimu kwamba huna kitu kumbe unacho. Hapo si deni tena, hapo ni jela. Na ukitoka, madeni yako yanakusubiri pale pale getini."

"Hilo rudia, mzee wangu."

Mzee akarudia, taratibu, akifurahi kumpata angalau mmoja mwenye masikio. Kisha akampa kijikaratasi. "Yote yamo humu. Soma nyumbani, usije ukachanganya."

Mama Mikate alishukuru kwa mikono miwili. Alipotoka tu, akamkabidhi kijikaratasi mwanamume wa kwanza kwenye benchi la kusubiri. "Shika, baba. Kwangu kitapotea bure."

Akashuka ngazi akishikilia ukuta. Nyuma ya duka la rangi, gari lenye vioo vyeusi lilikuwa limewashwa, halizimwi. Akafungua mlango wa mbele, akaketi.

Mdogo wake alikuwa amejikunyata kwenye usukani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. "Pole kwa kupandishwa ngazi, dada. Ningepanda mwenyewe, lakini nikionekana tu kwa yule mzee, jioni wadai wote watajua nimekwisha." Akamshika mkono. "Undugu ni kufaana. Sina mwingine wa kumwamini. Kasemaje?"

"Kasema usiogope." Mama Mikate akampapasa begani. "Ile nyumba mwandikie mkeo, leo hii. Baba mkwe wako mlipe kabla ya wadai wengine. Na mkopo mpya chukua, popote watakapokubali kukupa."

Mdogo wake alishusha pumzi, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na mahakamani?"

Mama Mikate akavuta mkanda wa kiti, akaufunga.

"Apa kwamba huna kitu."