Kofi la Shangazi

"Picha zangu zinang'aa kuliko macho yako," muuzaji alijigamba mbele ya kamera zake nane.

"Piga kofi moja," nikamwambia.

"Nimpige nani tena?"

"Gonganisha viganja, bwana."

Akagonganisha. Nikasimamisha video. Kamera ya pili ilionyesha viganja vimegusana. Kwenye ya tano, sekunde ileile, kidole kingepita katikati ya viganja. Mimi nawafundisha wagonjwa kutembea upya. Kamera zisizokwenda pamoja zitanidanganya goti liko wapi.

"Tofauti ndogo tu hiyo, daktari."

"Fungasha."

Nikawasha seti ya pili ya kamera nane, yenye picha zilizofifia. Shangazi yangu, mgonjwa wa kwanza, alisimama katikati ya chumba akiegemea mkongojo kwa mikono miwili. Vibandiko vya kupimia mwendo alishavikataa: "Mimi si ukuta wa matangazo." Ndiyo maana nilitaka kamera zinazopima bila kumbandika mtu kitu.

"Mnanichosha na makofi yenu," akafoka, akapiga la kwake.

Nikasimamisha video. Katika picha zote nane, viganja vilikuwa vimegusana. Katika zote nane, mkongojo ulikuwa hewani, unaanguka, na shangazi amesimama wima.